Wimbo Uliokataliwa na Kimashine

Kwenu imepita wiki nzima. Mmekula bukari, mmelala, mmegombana na majirani na kupatana nao tena. Kwa Adrienne haijapita hata pumzi moja. Bado amekaa palepale mlipomwacha: juu ya mfuko wa simenti, ndani ya depo ya kwaya, ghala la vyombo, kule mtaa wa Panda, mlango wa chuma umefungwa, na ufunguo uko mfukoni mwa Bertin.

Ndiyo, Bertin! Mpiga kinanda wa kwaya. Yule mwenye meno meupe na shati lisilokosa pasi, ambaye kila mama mwenye binti alikuwa akimtazama kwa hesabu zake.

Ndiye aliyempigia Adrienne simu mchana huu, akimwita Yaya, yaani dada mkubwa. "Yaya, kuya na kimashine. Muntu mwenye anauzisha moulin eko hapa, anakungojea." Adrienne akaja mbio, kitenge kinakaribia kumdondoka. Ndani hakumkuta muuza moulin. Alikuta ngoma, vipaza sauti, mifuko ya simenti ya Kakontwe, na Bertin. Mlango ukalia nyuma yake. Simu yake ikanyakuliwa.

Na kimashine je? Hicho hapo, juu ya ngoma kubwa, katikati yao wawili. Kitu chenyewe hakizidi kidole: kioo kidogo, vitufe viwili, basi. Ukikiona utadhani ni cha kuchezea watoto. Lakini ndani yake mnakaa ufunguo wa sarafu za mtandao ambazo watoto wa akina mama wa kwaya wamekuwa wakituma kutoka Johannesburg na Montréal. Sarafu zenyewe haziko ndani ya kimashine, ziko huko hewani kwenye mtandao. Ila bila ufunguo huo hakuna mkono wa mtu utakaozigusa.

Na sarafu hizo ndizo moulin. Mashine ya kusagia mahindi ya kule Kapolowe. Nyumba yake imeshajengwa, bati limeshapigwa, kilichokosekana ni moulin yenyewe. Kwaya nzima inaisubiri. Aliyepewa kutunza ufunguo ni mmoja tu: Adrienne, mama wa cabine, kibanda cha simu pale sokoni, kwa sababu hajawahi kutuma pesa za mteja kwenye namba isiyo yake.

Bertin alikuwa ameshabahatisha namba ya siri mara mbili. Mara ya kwanza aliweka mwaka wa kuzaliwa wa Adrienne, na hata huo aliukosea, akamzeesha. Mara ya pili akaweka mwaka ilipoanzishwa kwaya. Kioo kikakataa. Sasa kinasema limebaki jaribio moja.

"Weka weye, Yaya," Bertin akasema, akimsogezea kimashine kwa adabu kama mtu anayekaribisha chai. "Weka namba, tumalize. Nakufungulia mulango, unaenda kupika."

"Na kama nakatala?"

"Basi ikala. Bamama bote beko ku matanga, ku Kapolowe. Banarudia kesho. Utalala na simenti."

Ilikuwa kweli. Basi lilikuwa limeondoka asubuhi na kwaya yote, kuimba kwenye matanga. Aliyebaki Panda ni Mama Élise peke yake, mwalimu wa kwaya, kwa sababu miguu yake imevimba tena. Na nyumba ya Mama Élise iko nyuma ya kanisa, na masikio yake nayo si ya ujana.

"Bertin, shiye tulikukosea nini?"

Hapo Bertin akaruka kama aliyekalia msumari.

"Mulinikosea nini? Mariage, napiga! Matanga, napiga! Askofu anakuya, napiga, kinanda moja, vidole hii hii! Na mushahara yangu njo nini? Fanta! Fanta na mukate! Damu yangu yote imekuwa rangi ya machungwa, Yaya!"

Siku nyingine Adrienne angecheka mpaka ashike mbavu. Leo alinyoosha mkono tu.

Akakichukua kimashine. Kikawa chepesi mno mkononi kwa kitu chenye uzito wa namna ile.

Kichwani mwake ilikuwa inasema sauti moja tu, ya Jessy. Jessy ndiye dada wa duka la simu mjini aliyewaletea kimashine kutoka Lubumbashi. Alileta viwili. Hiki akamuuzia Adrienne, cha pili aliuza pia, na Adrienne alipouliza kwa nani, Jessy alicheka tu: "Mama, jina ya mukiriya hatutaje." Siku ile Jessy alimkalisha kwenye kigoda na kumfundisha kama anayemfundisha mtoto kuvuka barabara.

Tazama kwanza kama boksi halijafunguliwa. Karatasi ya kuandikia maneno lazima iwe tupu. Ukiikuta imeshaandikwa, tupa, kimbia, huyo ni mwizi amekutangulia. Chagua namba ya siri mwenyewe. Kisha kimashine kitakuonyesha maneno ishirini na manne, ya Kiingereza, moja moja. Yaandike kwa utaratibu wake. Usiyapige picha. Usiyaweke kwenye simu. Usimwambie mtu, hata pasta, hata mume.

Na hili: ukikosea namba mara tatu, kimashine kinajifuta chenyewe, kinakuwa kama siku kilipotoka kiwandani. Usilie. Ukiwa na maneno yako unayaingiza upya na kila kitu kinarudi, hata kwenye kimashine kingine. Kimashine kikipotea, umepoteza chuma. Maneno yakipotea, umepoteza moulin.

Adrienne akamtazama Bertin. Akatazama kioo. Mara tatu kinajifuta.

Akakaza kitenge chake kiunoni.

"Nafungua," akasema. "Lakini geuza macho huko. Namba ya siri ni namba ya siri."

"Yaya, usinichezee."

"Unataka nifungue, ao unataka tuongee?"

Bertin akageuza shingo nusu. Adrienne akabonyeza. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Akathibitisha.

Kioo kikazima. Kikawaka. Kikamsalimia kama mgeni ambaye hajawahi kumwona maishani.

"Bon," Adrienne akasema, akakitupa juu ya ngoma, dum! "Kwisha. Kimejifuta. Hata ukikiponda na nyundo, hautapata kintu. Sasa fungua mulango, Bertin. Hatutamwambia muntu. Utaendelea kupiga kinanda, na minye nitaomba bakuongezee mukate."

Na ninyi mlioanza kumpigia makofi, shusheni mikono kwanza.

Bertin hakupiga kelele. Alikiokota kimashine taratibu, akakisogeza karibu na mwanga wa dirisha, akaanza kusoma. Bertin anasoma Kiingereza. Alikaa Kitwe, upande wa Zambia, akipiga kinanda kwenye baa kabla hajaokoka. Midomo yake ikawa inachezacheza.

"Kinauliza kitu," akasema.

"Kinauliza nini? Kimekufa."

"Hapana. Kinauliza kama ni kipya, ao kama tunarudisha ufunguo wa zamani." Akabonyeza. Akasoma tena, na sauti yake ikashuka. "Kinasema... niingize maneno ishirini na manne."

"Ya Kiingereza," Bertin akasema.

Kisha kidole chake cha shahada kikaanza kugonga ngoma, pole pole, kwa mdundo ambao Adrienne aliujua kuliko mapigo ya moyo wake mwenyewe.

Na Bertin akaanza kupiga mluzi.

Adrienne akasimama ghafla.

Maana hapa, wapendwa, lazima mwambiwe kitu ambacho Jessy hajakijua mpaka leo. Mama wa kwaya waliposikia habari ya maneno ishirini na manne, walikaa kikao. Karatasi? Mchwa watakula. Kuificha kwa mtu mmoja? Nani huyo, na kwa nini yeye? Katika likelemba yao, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, kila kitu kinafanyika mbele ya wote, mezani, macho yakiona. Siri ya mtu mmoja hawajawahi kuikubali, hawangeanza uzeeni. Lakini Jessy amekataza kuandika kwenye simu, amekataza picha. Basi wakatii. Hawakuandika kwenye simu. Hawakupiga picha.

Waliyaimba.

Mama Élise aliichukua karatasi nyumbani kwake usiku mmoja ili ayatafutie sauti. Kesho yake akarudi na wimbo mzuri ajabu, wa kuchezesha mabega. Kwaya ikajifunza kwa juma moja, maneno ya Kiingereza yasiyo na maana yoyote, la kuku likifuata la daraja, la daraja likifuata la baridi. Walipoyashika wote, wakaichoma karatasi kwenye mbabula ya makaa, wakapiga vigelegele. Siri sasa iko kwa watu wote na haiko kwa mtu. Nani angewaibia?

Na kwa kuwa hakuna kwaya inayojifunza wimbo bila kinanda, kulikuwa na mtu kwenye kinanda. Hakuna aliyemhesabu. Nani anamhesabu mpiga kinanda? Waliambiana tu, Bertin akiuliza, mwambie ni wimbo wa wageni wa Zambia.

"Wageni ya Zambia!" Bertin akasema sasa, na meno yake yote yakatoka nje. "Yaya! Ile wimbo ya bupumbafu! Minye nilisemaga, bamama banazeeka, banaimba kuku na daraja. Nikawahurumia! Kumbe njo ufunguo!"

"Sio hiyo."

"Njo hiyo! Nilihesabu zamani, strofe sita, maneno inne kwa kila strofe. Inne mara sita!" Akakaa chini, akaweka kimashine juu ya goti, akasafisha koo kana kwamba ni ibada. "Na weye njo umenionyesha. Bila kukifuta, minye singejua. Asante mingi, Yaya."

Hilo lilimchoma kuliko mlango uliofungwa. Mkono wake mwenyewe ndio uliofungua dirisha kwa mwizi.

Akamrukia. Bertin akamzuia kwa kiwiko kimoja, bila hata kuinuka, akamrudisha kwenye simenti. Basi Adrienne akatumia silaha iliyobaki: akaimba. Akaanza wimbo wa Pasaka, kwa sauti yote, ili amvuruge asisikie ule wa kichwani mwake.

"Unaimba faux, sauti inapinda," Bertin akasema bila kuinua macho.

Akaongeza sauti.

"Unapanda juu mbele ya wakati. Kila mara, ku strofe ya pili. Minye nilichoka kukufunikaga na kinanda."

Akaendelea kubonyeza. Kazi ya vitufe viwili ni ya kuchosha: herufi inatafutwa kwenda mbele, kurudi nyuma. Lakini kimashine chenyewe kinasaidia. Ukiingiza herufi tatu nne za kwanza, kinakuletea neno zima. Bertin anaimba kidogo, anabonyeza, anaimba, anabonyeza. Strofe ya kwanza. Ya pili. Jasho linamtoka puani. Nje jua la Panda linapika bati, ndani ya depo hewa imekuwa nzito kama uji wa jana, na tangu asubuhi courant hakuna, umeme umekatika, hata feni ya kwaya imekufa.

Bertin alipofika strofe ya tano, Adrienne alinyamaza. Sauti ilikuwa imemwishia.

Akafikiria mama wa kwaya wakishuka kesho kwenye basi, na vumbi la Kapolowe miguuni, wakiuliza moulin inafika lini. Atawaambia nini? Kwamba ameibiwa? Wangapi wamesema hivyo katika mji huu, na wangapi waliaminiwa?

"La mwisho," Bertin akasema.

Akabonyeza. Akashikilia pumzi.

Kioo kikafikiri. Kisha kikaandika mstari mmoja.

Uso wa Bertin ukaanguka kama kanzu kutoka kwenye msumari.

"Kinasema nini?" Adrienne akanong'ona.

"Kinasema maneno haipatane."

"Haipatane na nini?"

"Sijue! Kinasema nitazame maneno na namna inavyofuatana!"

Bertin akarudia yote. Kila neno. Mara hii aliimba kwa sauti kamili, akipiga mguu, bila kuruka hata kituo. Kimashine kikakataa tena. Maneno haya hayafuatani kama yalivyozaliwa.

Furaha ikampanda Adrienne kifuani, moto kama kahawa. Wimbo umekataa! Mwizi hana kitu!

Ilidumu muda wa kupepesa jicho.

Kwa sababu ikiwa wimbo umekataa kwa Bertin, umekataa kwa nani mwingine? Kimashine kimejifuta. Karatasi imeungua. Wimbo ndio ulikuwa kila kitu. Na Jessy alikuwa amemwambia, alimwambia mara mbili akimshika mkono: kabla hujaweka hata sarafu moja, fanya jaribio. Kifute makusudi, ingiza maneno, uone kama kinarudi. Ukiona kimerudi, ndipo uweke mali ya watu.

Adrienne hakufanya jaribio. Watoto wa Johannesburg walikuwa wanapiga simu, tuma adresi ya kupokelea, tuma adresi, na aliona aibu kuonekana hajui. Akatuma adresi. Sarafu zikaanza kuingia.

Jaribio ndilo hili, leo, mbele ya mwizi. Na limeshindwa.

"Yaya." Bertin alikuwa amesimama mbele yake. Hakucheka tena. "Nani alipanga hii wimbo?"

Kumbukumbu ikaja yenyewe: Mama Élise na karatasi, usiku mmoja. Mama Élise kesho yake: "Nimegeuza kiloko, kidogo tu, juu ya sauti ikale muzuri." Nani aliyejali? Mwalimu wa kwaya akigeuza, amegeuza.

Mama Élise ana utaratibu wa kweli. Mama Élise, na miguu yake iliyovimba, peke yake kwenye nyumba nyuma ya kanisa, na mlango ambao hata kuku huusukuma.

"Minye," Adrienne akasema. "Minye njo nilipanga."

Bertin akamtazama. Kisha, Mungu amsamehe, akaangua kicheko mpaka akashika ukuta.

"Weye! Weye mwenye haujui hata kuingia na wenzako! Utapanga strofe sita!" Akapangusa macho, akageukia upande wa nyumba ya Mama Élise. "Yaya, unasema bongo, unadanganya mubaya kama vile unaimba."

"Bertin, muache mama wa watu. Ni muzee. Atakufa mikononi mwako."

"Sitamugusa. Namulomba tu aimbe. Anapendaga kuimba."

Akachukua kimashine, akachukua na simu ya Adrienne, akatoka. Ufunguo ukazunguka, ukaachwa kwenye kitasa. Nyayo zake zikaenda upande wa kanisa, akipiga mluzi.

Adrienne akaupiga mlango kwa ngumi, kwa mabega, kwa kiatu. Mlango uliotengenezwa na wazee wa mgodi hauogopi kiatu. Akageukia dirisha. Liko juu. Akaanza kuvuta mifuko ya simenti, mmoja juu ya mwingine, mgongo unalia. Wa tatu ukapasuka, ukamwaga kijivu chote juu ya kichwa chake, nacho kikagandamana na jasho mpaka akafanana na sanamu lisilomalizika. Akapanda hivyohivyo. Akashika vyuma vya dirisha. Akatikisa.

Vyuma vya Panda. Havikusema hata ndiyo.

Lakini akiwa pale juu, kichwa kikigusa bati, akagundua kwamba ukuta kati ya depo na chumba cha répétition, kile cha mazoezi ya kwaya, haufiki juu. Kuna nafasi ya kiganja. Hewa inapita. Na sauti.

Kule ng'ambo kiti kilikokotwa: Bertin amerudi, na si peke yake. Mtu mzito alikaa, akaguna kwa ajili ya miguu yake.

"Pole pole, mama," ikasema sauti ya Bertin. "Ikala muzuri. Nataka tu ile wimbo ya wageni ya Zambia. Kama vile iliandikwa ku karatasi. Sio kama tunaimbaga."

"Ku karatasi?" Sauti ya Mama Élise ilikuwa tulivu kama ya mtu anayechambua mboga. "Juu ya nini, mwanangu?"

"Juu ya... Yaya Adrienne njo ananituma. Amesahau."

Adrienne akaweka mdomo kwenye upenyo, akakusanya pumzi yote iliyobaki kifuani, simenti na yote.

"Mama Élise! Usiimbe! Amenifungia! Ni mwizi, mama, usiimbe!"

Kule ng'ambo kila kitu kikasimama. Mama Élise amesikia. Masikio mazee au si mazee, amesikia; ukuta mzima umesikia.

Mama Élise akakohoa kidogo.

Na akaimba.

Peke yake, pole pole, neno moja. Kisha kimya. Na ndani ya kimya hicho, Adrienne akasikia vitufe: tik, tik, tik. Neno la pili. Kimya. Tik, tik. Mama hakulia, hakutetemeka. Alikuwa anamsomea mwizi moulin ya Kapolowe kama mwalimu anavyolisomea darasa imla, akingoja wanaoandika polepole.

"Mama!" Adrienne akalia. "Mama Élise!"

Neno la tatu.

Wakafika strofe ya nne, na hapo Adrienne akaacha kulia, kwa sababu sikio lake lilishtuka. La daraja likaja mahali pa kuku. La kuku likaja mahali pa daraja. Mawili tu! Mpaka wimbo ukaisha, katika yote ishirini na manne mama huyu aligeuza mawili tu.

Na yakiwa mahali pake pa kweli, wimbo ulikaa sawasawa. Hakuna sauti iliyopinda. Hakuna mahali pa kukwaa. Adrienne anaimba faux, sawa, lakini si kiziwi. Sauti haikuwa na haja ya kugeuzwa.

Basi aligeuza kwa nini?

"Inaitika!" Bertin akapaza sauti. "Inaitika, mama! Imefunguka! Ngoja nitie ku simu... réseau ya mutandao... hapa ku dirisha iko réseau kiloko..."

Adrienne akafumba macho. Kwaheri moulin.

Akangoja kigelegele cha mwizi. Hakikuja.

"Haiwezekani," Bertin akasema. Kisha kwa sauti ya juu zaidi: "Zéro. Iko zéro! Iko buse! Weye mama, umeniimbia nini?"

"Nimekuimbia kama vile iliandikwa ku karatasi. Shi imefunguka?"

"Imefunguka, lakini ndani hainako kintu! Yaya Adrienne! Umezitosha, umezitoa? Umezipeleka wapi?"

Adrienne akahesabu siku. Jumapili iliyopita alitazama, sarafu zilikuwepo zote. Yeye hakuzigusa. Na bila maneno kwa utaratibu wa kweli hakuna aliyeweza kuzigusa, kwenye kimashine hiki wala kwenye kimashine kingine...

Kingine.

Jessy alileta viwili, na karatasi ililala usiku mmoja kwa Mama Élise. Jina ya mukiriya hatutaje.

Adrienne akashika vyuma vya dirisha, si kwa kutaka kuvivunja tena. Kwa kutaka asianguke.

Ng'ambo kiti kikakokotwa. Mama Élise alikuwa anasimama, taratibu, akiguna. "Endelea kutafuta, mwanangu. Réseau ya hapa inachelewaga. Minye naenda kunywa dawa yangu." Nyayo nzito, mguu mmoja ukiburutwa. Mlango wa chumba cha répétition ukafungwa. Na kisha, wazi kabisa, ufunguo: kra.

"Mama?" Bertin akaita. "Mama Élise? Umefunga mulango! Mama!"

Bertin alisahau, na ninyi labda hamkuwaza: mwalimu wa kwaya ana funguo za milango yote.

Nyayo zikaja. Zikapita kando ya ukuta, zikakunja kona, zikakaribia mlango wa depo. Adrienne akashuka kutoka kwenye simenti karibu avunjike shingo, akakimbilia mlangoni, machozi yanachora njia kwenye kijivu cha uso wake. Ameokoka! Mama amemfunga mwizi, sasa anamfungulia yeye!

Ufunguo ukasikika kwenye kitasa.

Ukazunguka.

Haukufungua. Ulifunga mara ya pili. Kisha ukachomolewa.

"Mama?" Adrienne akasema, kwa sauti ileile aliyotumia Bertin. "Mama Élise, ni minye. Ni Adrienne."

"Najua, mutoto yangu." Sauti ilikuwa karibu kabisa, mdomo kwenye chuma. "Vumilia. Jumapili utajua kama minye ni mwizi."

Nyayo zikaondoka kuelekea barabarani, mguu mmoja ukiburutwa, na wimbo ukiondoka nazo: kuku mahali pa kuku, daraja mahali pa daraja, chini chini, mpaka usisikike tena.

Adrienne akateleza na mlango mpaka chini. Joto. Simenti. Nzi mmoja. Mtu alikuwa anapumua ng'ambo ya ukuta, kwenye upenyo wa kiganja kimoja.

"Yaya Adrienne?" Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu aliyepoteza hata mluzi wake. "Uko?"

"Niko wapi tena?"

"Amenifungia na minye. Simu yangu ilikufa mbele, na yako sasa imekufa, ilikuwa na batri kiloko. Tutafanya nini?"

Adrienne akapangusa simenti machoni. Kinanda kiko upande wa Bertin, na kipaza sauti kikubwa kinachosikika mpaka barabara ya lami.

"Piga kinanda, Bertin," akasema. "Piga kwa nguvu yako yote, muntu akuye."

Ng'ambo ya ukuta vidole vikabonyeza kinanda; hakikutoa sauti. Kisha:

"Courant haiko, Yaya."